Mama, Yule Mbona Hatembei?

Mezani kwangu kuna kasheshe ya ndoa, na safari hii si ya simu wala ya nyumba ndogo. Ni ya mtoto wa jirani.

Aliyeniandikia ni kaka mmoja anayefanya kazi Korogwe. Mkewe alihamishiwa Handeni, kwa hiyo ndoa yao inakwenda kwa wikiendi, kilomita 65 za lami kati ya mume na mke. (Wenye ndoa za namna hii mnajua, Ijumaa jioni ndiyo sikukuu.) Wana binti wa miaka mitano na nusu anayeishi na mama yake, na mwingine yuko njiani, miezi sita sasa. Nyumba ya pili kuna mtoto wa kiume wa umri uleule ambaye hatembei. Asubuhi mama yake anambeba mgongoni na kumketisha kwenye mkeka chini ya mwembe, jioni anambeba tena kumrudisha ndani. Siku moja binti akauliza kwa sauti, kama watoto wanavyouliza: "Mama, yule mbona hatembei?" Mama akamziba mdomo. Baba naye akatia neno lake: usimnyooshee kidole, na wewe utakuwa hivyohivyo. Tangu siku hiyo binti akipita pale anageuza uso upande wa pili.

Kaka ameona hilo haliko sawa, anataka kitabu cha kumsomea mwanawe. Mkewe anasema mambo hayo yasubiri mpaka ajifungue, kwa sababu mama mkwe amemwonya kwamba mjamzito akimtazama sana mtoto wa namna ile, naye atazaa wa namna ile. Wamenuniana wikiendi mbili. Sasa wanataka mimi niamue.

Wifi, nianze na wewe. Mimba hainakili kinachoonwa na macho. Ulemavu wa utotoni una sababu zake: maambukizi wakati wa ujauzito, mtoto kukosa hewa uchungu ukichukua muda mrefu, manjano kali iliyochelewa kutibiwa, homa ya uti wa mgongo, malaria iliyopanda kichwani, vinasaba, ajali. Na mara nyingine sababu haijulikani kabisa, bila ya mtu yeyote kuwa amekosea. Hizo nguvu unazotumia kukwepa kumtazama yule mtoto zipeleke kliniki, meza vidonge vyako vya madini ya chuma na foliki, na panga mapema nani atakukimbiza hospitali usiku uchungu ukikushika na mume yuko Korogwe. Mama mkwe usimjibu wewe. Mwachie mwanawe kazi hiyo.

Kaka, sasa wewe. Swali la binti yako halikuwa tusi. Mtoto wa umri huo anauliza kwa nini mbuzi ana ndevu, kwa nini babu hana meno, kwa nini jirani hatembei, na kwake yote hayo ni maswali ya aina moja. Alichojifunza siku ile hakikutoka kwa yule mtoto wa mkekani, kilitoka kwenu: kwamba kuna watu ambao ukiwaona unatakiwa kunyamaza na kuogopa. Jibu lilikuwa fupi tu. "Miguu yake haina nguvu ya kumbeba, ndiyo maana mama yake anambeba. Twende tukamsalimie." Basi. Hakuna haja ya hotuba.

Tena angalieni maneno mnayotumia mkiwa sebuleni. Kiswahili chetu kimewaweka kipofu, kiziwi, kiwete na kilema kwenye ngeli moja na kiti na kijiko. Wataalamu watanisuta kwamba kijana na kiongozi nao wamo humohumo, na ni kweli. Lakini jamani, nani aliyewahi kupigiwa kelele njiani "wee kiongozi" akakimbia kujificha? Ndiyo maana sheria yetu ya mwaka 2010 inasema watu wenye ulemavu, na ndiyo maana siku hizi tunasema mtu mwenye ualbino, si zeruzeru. Mtoto hasikii ngeli, anasikia jina la utani, na kesho atalitumia shuleni.

Tuje kwenye kitabu. Mimi ni muumini wa vitabu vya picha kwa sababu moja isiyo ya kisomi hata kidogo: kwenye picha mtoto anaruhusiwa kukodoa macho. Anaweza kuutazama mguu uliopinda dakika tano nzima, akaugusa kwa kidole, akauliza maswali yote ambayo mtu akiulizwa barabarani yatamuumiza, na hakuna anayedhalilika. Akishamaliza mshangao wake kwenye karatasi, siku ya kukutana na mwenye mguu huo anakuwa na nafasi ya kuona mambo mengine, kwa mfano kwamba jamaa ana mpira.

Ila si kila kitabu. Kinachosifiwa sana katika Afrika ni Sosu's Call cha Mghana Meshack Asare, kilichotoka mwaka 1997 na kupata tuzo ya UNESCO mwaka 1999. Sosu ni mtoto asiyeweza kutembea, anakaa nyumbani na mbwa wake kwa sababu kijiji kinamwona ni mkosi. Bahari inapochafuka na watu wazima wote wako mbali, anajiburuza hadi kwenye ngoma na kuipiga mpaka wanarudi, kijiji kinaokoka. Baada ya hapo anapata kiti cha magurudumu na kwenda shule. Picha ni nzuri ajabu, na ile sehemu ya kujiburuza kwenye upepo nimeisoma mara nyingi. Lakini kila nikifika mwisho najiuliza: je, bahari isingechafuka? Yule mtoto wa Handeni hana kijiji cha kuokoa. Anataka kucheza kombolela tu. Kisome na mwanao, halafu muulize swali hilohilo, usikie atakachosema.

Ukiwa dukani, funika maneno kwa kiganja utazame picha peke yake. Mtoto mwenye ulemavu anafanya nini? Kama kila ukurasa amekaa pembeni akitazamwa, au analia, au anasukumwa, rudisha kitabu. Kama amepakwa unga wa ugali mpaka puani kama wenzake, nunua. Kama mwishoni anapona kwa muujiza, mimi nisingekinunua, kwa sababu mwanao atakwenda kumsubiri jirani apone ndipo awe rafiki yake. Vitabu vya Kiswahili vya watoto si vingi kama tungependa, ingawa Mradi wa Vitabu vya Watoto umekuwa ukihangaikia jambo hilo tangu mwaka 1991. Kwenye intaneti kuna African Storybook, iliyofunguliwa mwaka 2014, ina hadithi za Kiswahili zenye picha unazoweza kuzichapa bure. Printa ya ofisini ipo, bosi asijue. Na mkikosa kabisa, chukueni daftari na penseli za rangi mchore wenyewe mtaa wenu, mwembe, mkeka na mtoto aliyepo. Binti akishaanza kumchora atalazimika kumtazama.

Hapo ndipo wengi wetu tunapochukua hatua ya pili, ya ziara. Na hapa, msomaji wangu, nina ugomvi na sisi wenyewe. Unaujua mtindo: besidei ya Junior imefika, tunanunua sukari, sabuni, mafuta ya kula na maboksi ya biskuti, tunakwenda kwenye kituo, watoto wanapangwa mstari na kuimba, Junior anakabidhi, picha zinapigwa, saa saba tunaondoka kwenda kula kuku. Sukari inahitajika, sibishi. Lakini nimesomea mawasiliano, na picha ile hata ukiizungusha vipi inasema jambo moja: huyu anatoa, yule anapokea. Junior hakujifunza jina la mtu hata mmoja.

Huko Handeni kwenyewe kuna Kwamkono, ambako masista wa Kianglikana walianzisha hosteli kwa ajili ya watoto waliopooza kwa polio. Mgonjwa wa mwisho wa virusi vya asili vya polio nchini aliripotiwa mwaka 1996, chanjo ilifanya kazi yake. Polio iliondoka, watoto wenye ulemavu wa aina nyingine hawakuondoka. Ukipanda mlima kutoka Mombo kwenda Lushoto kuna Irente, shule ya Walutheri ya watoto wasioona, ya tangu miaka ya 1960. Kwa hiyo mkoa wa Tanga si mgeni wa mambo haya, na shule ya Korogwe au Handeni ikitaka kupeleka wanafunzi wake kutembelea wenzao, haihitaji kwenda mbali.

Ila ziendeni kwa adabu ya ugeni. Piga simu kwanza uulize siku gani inawafaa wao. Pelekeni watoto wachache, siyo basi zima. Kamera ibaki nyumbani. Wafanye kitu pamoja, mpira wenye njuga ndani, bao, kupika, nyimbo ambazo wenyeji ndio wanaofundisha. Mtoto asiyeona akimfundisha mwanao kuandika jina lake kwa nukta nundu, siku hiyo mwalimu ni nani? Halafu rudini mara ya pili, na mara ya tatu waje wao kwenu. Ziara ya upande mmoja bado ni maonyesho. Shuleni nako mwalimu anaweza kumwita fundi cherehani anayetembelea magongo aje kuzungumzia ushonaji. Ushonaji, narudia. Magongo watoto watayauliza wenyewe, na fundi ataamua ajibu nini.

Sasa, kaka na wifi, hayo yote ni mazuri lakini kwenu yanaweza kuwa njia ya kukwepa. Kwenda Irente ni rahisi kuliko kuvuka uwanja wa jirani. Sensa ya mwaka 2022 iliwahesabu wenye ulemavu kuwa asilimia 11.2 ya watu wa miaka saba na kuendelea. Hawa hawako kwenye vituo, wako mtaani kwenu. Sheria ile ya mwaka 2010 inasema mtoto mwenye ulemavu asome shule ya kawaida, isipokuwa pale anapohitaji mawasiliano maalumu. Ada ya serikali haipo. Kinachomweka yule mtoto kwenye mkeka, kwa ninavyosoma barua yenu, ni kwamba hakuna wa kumbeba hadi shuleni, choo cha shule kina ngazi, na mama yake anaogopa watoto watamcheka. Sheria haijui kujenga mteremko wa zege. Fundi anajua, na kazi yake ni ya siku moja.

Uandikishaji wa darasa la kwanza huanza Oktoba. Mtakapokwenda kumwandikisha binti yenu, mpitieni na yule mama, muingie ofisini kwa mwalimu mkuu pamoja. Mama peke yake anaweza kuambiwa mpeleke shule maalumu, akaondoka. Mkiwa watatu, mmoja wenu amevaa tai, mazungumzo yanakuwa mengine. Si haki, lakini ndivyo ofisi zetu zilivyo. Mwombeni mwalimu huyo mtoto aje darasani siku mbili tatu kabla ya Januari, akae na wenzake, wamzoee na yeye awazoee. Baiskeli ya magurudumu matatu itafutwe baadaye, na mtaalamu wa viungo hospitalini amwone, maana asubuhi hadi jioni kwenye mkeka misuli inakakamaa.

Vitabu vitatu nimevifunga, vitapanda basi la Korogwe Jumatano, kaka uwahi kuvipokea stendi. Viwili ni vya binti, nimeviandika jina lake. Cha tatu ni cha jirani. Barua yenu ya kurasa mbili imenitajia umri wake, mkeka wake, hata mwembe, lakini jina lake sikuliona. Nimeacha nafasi kwenye jalada. Binti aende akaliulize, akirudi aandike mwenyewe.

Tuonane mwezi ujao.