Baba Aliyesoma kwa Mwanawe

Mara nyingi twasikia katika mazungumzo ya jioni kwamba kazi ya mikono ni ya wale waliokosa shule, na kwamba mtu akiisha kushika kalamu hana haja ya kujifunza tena. Maneno haya hutusikitisha. Leo twapenda kuyajibu kwa habari za George Stephenson wa Uingereza, fundi wa mitambo ya mvuke, ambaye wengi wetu twamjua kwa gari la moshi tu.

Alizaliwa tarehe 9 Juni 1781 katika kijiji cha Wylam, karibu na Newcastle. Baba yake alikuwa mchochea moto wa mtambo uliovuta maji katika shimo la makaa ya mawe. Wazazi hawakujua kusoma, wala mshahara haukutosha kulipia shule. Mtoto alichunga ng'ombe kwa peni 2 kwa siku, kisha akamfuata baba yake kwenye mitambo. Alipotimia miaka 18 alikuwa mwangalizi wa mtambo, lakini herufi hakuzijua. Ndipo akaanza kwenda shule ya usiku baada ya kazi, akilipa ada kwa mshahara wake mwenyewe. Na kati yetu wako wanaoona haya kumwuliza karani kijana maana ya neno moja!

Alioa mwaka 1802, na mwaka uliofuata akazaliwa mwanawe, Robert. Mwaka 1805 binti yao alikufa akingali mchanga, na mwaka 1806 mkewe naye akafariki. Stephenson alikwenda Scotland kutafuta kazi, na aliporudi akamkuta baba yake amepofuka kwa kuunguzwa na mvuke. Akawalipia wazazi madeni yao, akawatunza. Tena alipotakiwa kuingia jeshini ilimbidi atoe fedha ili mtu mwingine aende badala yake. Akiba yote ikaisha. Dada yake akaja kumlea mtoto, na yeye usiku akatengeneza saa na viatu vya majirani ili apate ada ya shule.

Hapa ndipo twapenda wasomaji watulie kidogo. Robert alipelekwa shule nzuri mjini Newcastle, akienda na kurudi juu ya punda. Jioni alileta vitabu nyumbani Killingworth, na baba yake, ambaye tangu mwaka 1812 alikuwa fundi mkuu wa mitambo ya machimbo, aliketi naye mezani kujifunza yale aliyofundishwa mtoto mchana. Hakusema, "Mimi ni baba, nitafundishwaje na mwanangu?" Mwaka 1816 wawili hao walipiga hesabu wakatengeneza saa ya jua, wakaitia juu ya mlango wa nyumba yao. Sisi tuliosoma twarudi nyumbani saa kumi na moja, tukala, tukatoka kwenda kuzungumza na wenzetu. Daftari la mtoto twaliona siku ya ripoti, nayo ikiwa mbaya twamlaumu mwalimu.

Elimu yake ndogo ilimletea dharau. Mwaka 1812 watu 92 walikufa kwa mlipuko katika shimo la Felling, si mbali na kwake. Mwaka 1815 alibuni taa isiyowasha hewa ya mashimoni, akaijaribu mwenyewe mahali penye hatari. Wakati huo huo mtaalamu Humphry Davy alibuni taa yake huko London, na wengi hawakukubali kwamba fundi asiye na shule angeweza kufikiri jambo kama lile. Tena mwaka 1825 alihojiwa Bungeni juu ya njia ya reli ya Liverpool na Manchester. Mawakili walimtatiza vibaya, na haki itendeke: vipimo vya njia vilikuwa na makosa kweli. Mswada ukaanguka. Robert hakuwapo kumsaidia, maana mwaka 1824 alikuwa amekwenda Amerika ya Kusini, asirudi hadi mwaka 1827.

Mswada mwingine ulipita mwaka 1826. Katika mashindano ya Rainhill, Oktoba 1829, injini yao iliyoitwa Rocket ndiyo peke yake iliyomaliza safari zote, ikapata zawadi ya pauni 500. Ndani ya tangi lake mlipita mabomba 25 ya shaba, hata maji yakachemka upesi. Shauri hilo la mabomba lilitoka kwa Henry Booth, karani na mtunza hesabu wa kampuni ya reli. Twalitaja kwa furaha. Kazi ya kuiunda ilisimamiwa na Robert. Upana wa njia, futi 4 na inchi 8 na nusu, ulitokana na njia za machimboni, na ndio upana wa reli ya Mombasa hadi Nairobi iliyofunguliwa mwaka 2017.

Mwaka 1847 chama cha mainjinia wa mitambo kilipoanzishwa Uingereza, Stephenson alifanywa rais wake wa kwanza. Alifariki tarehe 12 Agosti 1848. Rais wa pili aliyechaguliwa kukalia kiti chake alikuwa Robert, yule mtoto wa punda.