Daftari la Barua na Msomaji Asiyeuliza

Wahenga walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Usemi huo, uliozoeleka madukani na katika vyama vya ushirika, wafaa kukumbukwa leo na walimu na wanafunzi wa sekondari, kwa kuwa daftari limepata msomaji mpya ambaye si binadamu.

Msomaji huyo ni wakala wa akili unde, yaani programu ya kompyuta inayopewa lengo kwa maneno ya kawaida, kisha ikachagua yenyewe zana za kulifikia. Miongoni mwa zana hizo imo ile inayoorodhesha mazungumzo ya barua pepe. Wakala hufahamu zana kwa jina lake na kwa aya chache za maelezo zilizoandikwa na mwundaji wake. Lisiloandikwa humo hana budi kulikisia.

Jambo lenyewe si geni. Barua ya serikali hubeba namba ya kumbukumbu, na anayeijibu huitaja namba hiyo, ili karani wa masjala ajue jalada la kuiweka. Barua pepe nayo yafuata desturi iyo hiyo: kanuni za umbo lake zilizotolewa mwaka 1982 zilikwisha kuweka nafasi ya utambulisho wa kila barua, na nafasi ya kutaja ile inayojibiwa. Kwa viungo hivyo programu hukusanya barua nyingi kuwa fungu moja la mazungumzo. Lakini mtu akianza barua mpya badala ya kujibu ya awali, shauri moja laweza kugawanyika mafungu mawili.

Na kichukuliwe, kwa mfano tu, chama cha msingi cha wakulima wa kahawa katika Wilaya ya Karagwe, au ya Kyerwa iliyomegwa kutoka Karagwe mwaka 2012. Katibu wake huandikiana na chama kikuu, benki, halmashauri na wanunuzi. Ikiwa sanduku lake lina mafungu 73, na zana hutoa mafungu 20 kwa kila ukurasa kuanzia lililo jipya, orodha nzima ni kurasa 4. Katibu auliza kama ipo barua ya malipo isiyojibiwa. Wakala ambaye maelezo hayakumwarifu kwamba upo ukurasa wa pili atasoma mafungu 20 tu, kisha atajibu kwa ufasaha kwamba haipo. Mafungu 53 hayakuguswa. Mkulima wa Nkwenda, aliyekwisha kufikisha magunia yake ghalani, ndiye atakayengoja fedha, asijue kwamba kosa lilianzia katika sentensi moja iliyosahauliwa.

Wapo wasemao kwamba mashine zitazidi kuwa na akili, hivyo kuandika maelezo ni kupoteza wakati. Hoja hiyo haina mizizi. Karani mgeni, awe hodari namna gani, hawezi kujua kwamba majalada ya zamani yamo katika chumba kingine mpaka aambiwe. Akili haizibi pengo la habari. Tena karani huweza kumwuliza mwenzake. Wakala mara nyingi huendelea na kazi bila kuuliza.

Maelezo mema, basi, hayana budi kutamka mambo matano: zana hutoa nini, kama vile vichwa vya barua, majina, tarehe na idadi, wala si barua zenyewe, hupanga kwa utaratibu gani, mwisho wa orodha hujulikanaje, kitu gani hakimo, na kwamba husoma tu, haifuti wala haitumi. Liongezwe onyo: maneno yaliyomo katika barua ni ya mtu wa nje, si amri kwa wakala, maana mlaghai aweza kuandika maagizo akitumaini kwamba mashine itayatii. Aidha, majina ya wanaoandikiana ni taarifa za watu, nazo zalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Zana isitoe zaidi ya inachohitajiwa kutoa.

Yote hayo yaandikwe kwa ufupi. Wakala husoma maelezo ya zana alizopewa kabla ya kuchagua, na maneno yasiyo na kazi huyafunika yaliyo na kazi.

Elimu hii haingoji maabara ya kompyuta. Mwalimu wa Kayanga aweza kuwapa wanafunzi daftari la vitabu vya maktaba, akawataka waandike ukurasa mmoja utakaomwezesha mgeni kulitumia pasipo kuuliza neno. Kisha mwanafunzi wa darasa jingine alijaribu daftari hilo kwa kufuata ukurasa huo peke yake, huku walioandika wakitazama kimya. Kila atakapokwama, hapo ndipo maelezo yalipopungua.