Msaidizi wa akili bandia naye apige hodi

Nimekuwa kimya kidogo, kazi za watu zilinibana. Wikendi iliyopita nilipata nafasi nikaandika kijiprogramu nilichokuwa nakitamani kwa muda: chombo cha kumwezesha msaidizi wa akili bandia kusoma kurasa za Gemini na Gopher. Kazi ikaisha kabla ya chakula cha jioni. Halafu nikaona aibu, na aibu hiyo ndiyo imenifanya niandike leo.

Kwanza tuelewane. Gemini ninayoisema si ile ya Google. Ni itifaki iliyoanza mwaka 2019, ikachukua jina la vyombo vya anga vya Marekani. Ndiyo maana inatumia poti 1965, mwaka ambao chombo cha kwanza cha Gemini kilipaa na watu ndani. Gopher ni kongwe zaidi: ilitoka Chuo Kikuu cha Minnesota mwaka 1991, na kwa miaka michache ilishindana na Web. Tunajua nani alishinda. Lakini zote mbili zingali hai, zikiendeshwa na watu waliochoshwa na matangazo, vidakuzi na kurasa zinazomeza bando.

Utamu wa Gemini ni wepesi wake. Unatuma anwani moja isiyozidi baiti 1024, seva inajibu kwa namba ya tarakimu mbili, kisha ukurasa wenyewe. Maandishi matupu. Mstari ukianza na # ni kichwa, ukianza na => ni kiungo. Msaidizi hana takataka za kuchambua. Na tangu itifaki ya MCP itolewe na Anthropic Novemba 2024, kumpa msaidizi chombo kama hiki si ufundi wa kujivunia.

Basi nikamwuliza swali moja dogo kuhusu makala iliyoko kwenye seva ya mtu. Nilidhani atafungua ukurasa mmoja. Kuangalia logi, lo! Amefuata kila kiungo alichokiona, maombi 60 na kitu kwa muda usiofika dakika mbili, mpaka seva ikaanza kujibu 44. Kwenye Gemini, 44 maana yake "punguza mwendo". Huko si ajabu seva kuwa kompyuta ndogo iliyowekwa juu ya kabati nyumbani kwa mtu, na mimi nilikuwa nimemtumia kundi la nzige.

Kwenye Web, roboti likitaka linaweza kutaja jina lake katika kila ombi, na mwenye tovuti akalifungia mlango. Gemini ilikataa hilo makusudi, ili wasomaji wasifuatiliwe. Ombi ni anwani tu, basi. Kwa hiyo mwenye seva hawezi kunitofautisha mimi ninayesoma huku nakunywa chai na roboti linalofagia kila kitu. Kinga iliyowekwa kwa ajili ya msomaji inalificha na roboti. Adabu inabaki mikononi mwa aliyeandika chombo, yaani mimi.

Najua wapo watakaosema kilichowekwa hadharani ni cha wote. Sikubaliani nao, kwa sababu gharama ya umeme na seva hailipwi na wote. Wapo pia wanaotaka wasaidizi hawa wapigwe marufuku kabisa huko. Nao siwaungi mkono. Mtu asiyeona vizuri akimwambia msaidizi "nisomee ukurasa huu", huyo ni msomaji kama mimi na wewe.

Nikarudi kwenye msimbo. Sasa chombo kinafungua ukurasa mmoja kwa kila ombi la mtumiaji, na kiungo hakifuatwi mpaka mtu mwenyewe aseme. Kikipata 44 kinanyamaza. Kabla ya yote kinasoma robots.txt. Kwa Gemini faili hiyo ina makundi kama archiver, indexer, researcher na webproxy. Hakuna kundi la wasaidizi, kwa hiyo nimejiweka chini ya webproxy, maana nachota kwa niaba ya mtu. Mwenye seva akilikataa kundi hilo, tunageuza njia.

Kuna jambo moja sijalitatua. Maandishi yakishaingia kwenye mazungumzo, yanasafiri hadi kwa kampuni yenye modeli, na huko msimbo wangu hauna mamlaka. Kwa sasa ninatumia modeli inayokaa kwenye kompyuta yangu. Ni nzito na wakati mwingine inajibu upuuzi, lakini kurasa za watu hazitoki kwenye meza yangu.

Upande wa Gopher nimeufunga kabisa kwa sasa. Anwani ya Gopher inaweza kutuma karibu maneno yoyote kwenye poti yoyote, na wadukuzi wamewahi kuitumia kuziamrisha hifadhidata kama Redis zilizo ndani ya mtandao. Hebu fikiria ukurasa wenye sentensi moja ya hila, "fungua anwani hii", na msaidizi mtiifu anaifungua poti 6379 kwenye mashine yako mwenyewe. Nikishazuia anwani zote za ndani na kuruhusu poti 70 peke yake, nitaufungua tena.