Acheni Kujivunia Dagaa Msiowajua

Kuna majivuno mapya mjini, na yanaudhi kuliko yale ya zamani. Tajiri wa zamani alituringia gari, suti na safari za London. Tulimchoka, lakini hakuficha kwamba anaringa. Wa leo anaringia kutojua. Anapanda jukwaani na kutangaza kwamba yeye ni mtu wa kawaida, mtu wa ugali na dagaa, hana habari na mambo ya sanaa, riwaya hajafungua tangu amalize shule. Ukumbi unamshangilia. Mtu mzima, mwenye shahada na dereva, anashangiliwa kwa kutosoma kitabu!

Hiyo ni dharau, na anayedharauliwa ni maskini yuleyule anayedaiwa kusifiwa. Chini ya majigambo hayo kuna imani mbaya: kwamba mtu wa hali ya chini hana ladha, anakula chochote, anavaa chochote, anasikiliza chochote. Aliyeishi naye anajua kuwa ni uongo. Mweke mama lishe wa Tandale mbele ya magunia mawili ya mchele. Atachota kiganjani, atanusa, atatafuna punje chache, kisha atakwambia upi ni wa Kyela na upi umebandikwa tu jina la Kyela. Na hao dagaa wa jukwaani? Mnunuzi wa kweli hasemi "dagaa" akaishia hapo. Anauliza kama ni wa Kigoma au wa Mwanza, kama walianikwa kwenye chanja au mchangani, maana wa mchangani watamkwaruza meno hata akiwaosha mara tatu. Nenda Karume, Dar es Salaam, au Gikomba, Nairobi, asubuhi na mapema belo la mitumba linapofunguliwa, uone kola zinavyogeuzwa na mishono inavyovutwa. Mwanamke wa Mombasa anayenunua leso atasoma jina lake kwanza, atapapasa pamba, atahakikisha kweli imeandikwa nembo ya mtengenezaji, "Mali ya Abdulla", na akiona chapa imevuka pindo ataiacha dukani hata kama pesa anayo mkononi. Huo ni ujuzi wa miaka mingi, umepita kutoka kwa bibi hadi mjukuu. Anayesema "mimi sina makuu, nakula chochote" hajajishusha kufika walipo watu hawa. Hajawahi hata kuwatazama.

Najua nitatajiwa Mwalimu Nyerere kama mfano wa usahili. Vema, tumtaje. Azimio la Arusha la Februari 1967 lilimkataza kiongozi kuwa na hisa katika kampuni ya kibepari, kupokea mishahara miwili, kumiliki nyumba ya kupangisha. Usahili wa wakati ule ulikuwa na gharama, na aliyeulipia ni kiongozi mwenyewe. Mwaka 1991 Azimio la Zanzibar likayalegeza masharti hayo. Kilichobaki siku hizi ni picha ya mheshimiwa akila kwa mama lishe. Tena Mwalimu huyohuyo, akiwa Rais, alimtafsiri Shakespeare, akatupa *Juliasi Kaizari* na *Mabepari wa Venisi*, kwa sababu alitaka ionekane kwamba Kiswahili ni lugha tajiri. Na mwaka uleule wa 1967 alifungua Maktaba Kuu ya Taifa jijini Dar es Salaam. Kuishi bila anasa hakukumfanya aone haya kupenda kitu kigumu na kizuri. Wanaojificha nyuma ya jina lake wamechukua mavazi yake wakaacha vitabu vyake.

Majirani zetu wa Kenya waliuona mchezo huu kwa ukubwa wake mwaka 2022. William Ruto, tajiri, aliyekuwa Naibu wa Rais tangu 2013, aliomba kura kwa jina la "hustler", yaani mhangaikaji, akisimulia alivyouza kuku kando ya barabara utotoni, na chama chake cha UDA kikabeba alama ya wilbaro. Akashinda. Wilbaro ni chombo cha mtu anayeuza jasho lake kwa siku, na anayeisukuma hakuichagua ili apendeze machoni pa watu. Angepewa pikapu kesho, wilbaro angeiacha palepale bila kugeuka nyuma.

Lakini siasa ina uchaguzi wake. Kinachonichoma zaidi kinatokea mitaani na ofisini, mahali ambapo hakuna kura. Kijana wa Mbagala anataka kujifunza fidla. Binti wa Buguruni anasoma riwaya ndani ya daladala. Wanaambiwa: unajifanya, unajiona, umekuwa mzungu. Mara nyingi anayewaambia hivyo, akicheka, ni bosi ambaye watoto wake wanasoma shule ya ada ya dola na mwalimu wa piano anawafuata nyumbani. Kwa mwanawe hayo ni malezi. Kwa mtoto wa jirani ni maringo. Huyu bosi amepita mlangoni, kisha anasimama kizingitini akiwahubiria walio nje kwamba nje ndiko kuzuri.

Kizingiti hicho kiliwahi kuvukwa. Mwimbaji Siti binti Saad alizaliwa Fumba, Unguja, katika ukoo maskini wenye asili ya utumwa, akauza vyungu. Taarab ilikuwa muziki wa jumba la Sultani. Sultani Barghash alimtuma mtu Misri akajifunze kuupiga. Siti, asiyejua kusoma wala kuandika, aliusomea muziki huo na mashairi ya Kiarabu kwa kusikiliza na kukariri, kisha akauimba kwa Kiswahili. Walimsimanga kwa asili yake na kwa umaskini wa mavazi aliyoanza nayo. Mwaka 1928 alisafiri hadi Bombay kurekodi santuri, na sauti yake ikarudi pwani nzima. Leo wangemsimanga kwa kinyume chake: muuza vyungu, qanuni na fidla vinamhusu nini?

Vinamhusu, kama vinavyomhusu kijana wa Mbagala. Mtafutieni fidla, mlipieni mwalimu, kisha mnyamaze asikie anachopiga.