BUSTANI YETU: Ua Lisilogombea Maji

Wafanyakazi wengi wa mjini hutamani kuwa na maua uani, lakini hukata tamaa wanapofikiria bei ya ndoo ya maji. Ni kweli, maji ya kuoga watoto hayawezi kumwagiwa maua. Hata hivyo, ndugu msomaji, liko ua ambalo halitagombana na pipa lako. Nalo ni vinka.

Asili yake ni kisiwa cha Madagaska, na limezoea jua kali na ardhi hafifu. Huwa kichaka kifupi kisichozidi mita moja, chenye majani yanayong'aa na maua ya waridi au meupe yenye petali tano. Katika nchi za joto huishi miaka kadhaa na kuchanua karibu mwaka mzima.

Chagua mahali penye jua, pasipotuama maji. Udongo ukiwa wa mfinyanzi, uchanganye na mchanga. Sia mbegu katika kopo lililotobolewa chini, uzifunike vizuri kwa udongo, kwani hupenda kuota gizani. Miche ikikomaa kidogo, ihamishie bustanini, ukiacha sentimita 30 baina ya mche na mche. Majuma ya mwanzo imwagilie mara kwa mara; baadaye ngoja udongo ukauke kwanza. Maji yaliyooshea mchicha yatatosha. Wengi huliua ua hili kwa mapenzi: hulimwagilia kila jioni hadi mizizi ikaoza.

Lipo jambo moja ambalo kila mzazi hana budi kulijua. Mmea huu una sumu. Mwaka 1958 wanasayansi Robert Noble na Charles Beer, waliokuwa wakifanya kazi Kanada, walitangaza dawa ya vinblastini waliyoitoa katika majani yake. Baadaye ikapatikana vinkristini, ambayo hadi leo hutumika kuwatibu watoto wenye saratani ya damu. Lakini dawa hizo hutolewa hospitalini, kwa vipimo vidogo mno, maana zikizidi hudhuru mwili. Anayechemsha majani nyumbani ili atibu kisukari hajui amekunywa kiasi gani.

Basi lipande karibu na mlango, uwaonye watoto wasilitie kinywani, na unawe mikono baada ya kulipogoa. Dawa tuwaachie waganga wa hospitali. Sisi yatutosha maua.