Sala na Sabuni: Imani na Uzima katika Kambi ya Dagahaley

Jina la Dagahaley ni la Kisomali. Shina lake ni neno lenye maana ya jiwe, na jina zima ni sawa na kusema mahali penye mawe. Mkristo anayelifahamu jina hilo kwa maana yake hakosi kulikumbuka swali la Injili kuhusu baba anayeombwa mkate na mwanawe, kama kweli ataweza kumpa jiwe. Kambi hiyo iliyomo katika eneo la Dadaab, Kaunti ya Garissa, ilifunguliwa mwaka 1992 sawa na Hagadera, mwaka mmoja baada ya Ifo, ili kuwapokea waliokuwa wakiikimbia vita ya Somalia. Kambi hizo tatu zilikusudiwa watu 90,000. Katika njaa ya mwaka 2011 idadi ya wakimbizi wa Dadaab ilipita 400,000. Walio wengi mno ni Wasomali Waislamu. Hata hivyo, tangu zamani wamekuwamo pia Wakristo wachache kutoka Ethiopia, Sudan Kusini, Kongo na Burundi, pamoja na walimu na wauguzi Wakenya waliotoka bara kuja kufanya kazi. Makala haya yanawahusu hao wachache, na swali lake ni moja: Mkristo anayeomba afya mahali kama hapo anaomba nini hasa?

Swali hilo lina uzito kwa sababu mafundisho ya afya yanayotolewa makanisani yametungwa kwa ajili ya mahali pengine. Muumini huambiwa kwamba mwili wake ni hekalu, na kwa hiyo anywe maji mengi, ale matunda na mboga, alale mapema, aepuke pombe na tumbaku, na fadhaa zake amtwike Mungu. Ni mawaidha mema, na kwa mtu wa Nakuru au Eldoret mwenye bomba uani na soko jirani yana manufaa makubwa. Tatizo ni kwamba yanamchukulia muumini kama mtu anayejitegemea, mwenye uwezo wa kuchagua kila kinachoingia kinywani mwake. Dagahaley maji hutoka katika visima virefu na huchotwa kwa zamu, mitungi ikiwa imepangwa kwenye foleni. Chakula ni cha mgawo. Choo kimoja huweza kutumiwa na zaidi ya kaya moja. Mama anaweza kuchemsha maji na kuwanawisha wanawe kila siku, na bado ugonjwa ukaingia nyumbani mwake kutoka kwa jirani ambaye hakupata sabuni. Hapo hapana afya ya mtu mmoja. Ama ni ya wote, ama haipo.

Lugha yenyewe inalishuhudia jambo hili, na wanafunzi wa Kiswahili wana sababu ya kulizingatia. Neno uzima limebeba maana ambazo katika lugha nyingine zingegawanywa katika maneno mawili au matatu: kuwa hai, kutokuwa na ugonjwa, na kuwa kamili pasipo kupungukiwa. Tukiulizana asubuhi kama tu wazima, hatutenganishi hayo. Wafasiri wa Biblia walipolitwaa neno hilo ili kuutaja uzima wa milele, waliufunga wokovu na afya kwa kamba moja, wakijua au bila kujua. Kitenzi kupona nacho ni hivyo hivyo. Anapona mgonjwa, na anapona aliyenusurika katika ajali au vita. Neno afya, kwa upande wake, limetoka Kiarabu, na Msomali anayesema caafimaad analitumia neno la asili hiyo hiyo. Basi Mkristo wa Dagahaley na jirani yake Mwislamu, wakiombeana afya, huenda wakakutana katika neno kabla hawajakutana katika jambo lingine lolote.

Lililo muhimu zaidi ni kiambishi. Sala aliyoifundisha Yesu haina hata mara moja nafsi ya kwanza umoja. Mwombaji husema utupe, hasemi unipe. Kila mwanafunzi wa mofolojia anakijua kiambishi hicho -tu-, lakini si kila mwombaji anakisikia anapokitamka. Anayeomba riziki kwa nafsi ya wingi ameshawataja wote walio katika foleni ya mgawo, aliye mbele yake na aliye nyuma yake, awe wa dini yake au asiwe.

Miezi ya Machi na Aprili ya mwaka 2023 inaweza kutumika kama kipimo cha dai hili. Mvua zilikuwa zimekosekana misimu mitano mfululizo katika Pembe ya Afrika, na watu wapya walikuwa wakiendelea kuingia Dadaab kutoka Somalia. Kipindupindu kilichoanza Kenya mwezi wa Oktoba 2022 kilikuwa kimekwisha kufika kambini. Kufikia katikati ya mwaka 2023 wagonjwa waliohesabiwa katika kambi hizo walizidi 2,000. Mwezi wa Februari Serikali ilikuwa imetoa chanjo ya kumeza dhidi ya ugonjwa huo katika kaunti nne za Garissa, Wajir, Tana River na Nairobi. Shirika la Madaktari Wasio na Mipaka, lililokuwa likiendesha hospitali ya Dagahaley, lilionya kuhusu uchache wa vyoo na upungufu wa sabuni. Katika majuma yayo hayo Wakristo walikuwa katika Kwaresima, Waorthodoksi wa Ethiopia katika saumu yao ndefu kuelekea Fasika, na tarehe 23 Machi Waislamu wakaanza Ramadhani. Watu wa dini zote mbili walikuwa wakifunga kambini, na ugonjwa unaokausha maji ya mwili kwa muda wa saa chache ulikuwa ukipita kati yao.

Aidha, katika mwezi wa Aprili wa mwaka huo huo, nchi ilianza kufukua miili katika msitu wa Shakahola, Kaunti ya Kilifi. Miili iliyofukuliwa ilizidi 400. Kiongozi wa kundi hilo, Paul Mackenzie, alishtakiwa kwa vifo vya wafuasi waliodaiwa kuambiwa wajinyime chakula hadi kufa ili wamwone Yesu, mashtaka ambayo aliyakana. Mengi yamesemwa kuhusu sheria za kusajili makanisa baada ya tukio hilo, na si shabaha ya makala haya kuyarudia. Kinachohitaji kuulizwa ni jinsi saumu, ambayo ni moja ya ibada kongwe kabisa za Wakristo, ilivyoweza kugeuzwa kuwa njia ya kifo bila ya majirani na jamaa kushtuka mapema. Jibu moja ni kwamba waumini wengi wamezoea kufundishwa kwamba kadiri mtu anavyozidi kujinyima ndivyo anavyozidi kusikilizwa. Mafundisho hayo yanasikika hata katika makanisa yanayoheshimika, kwa sauti ya chini zaidi.

Dagahaley ni mahali pazuri pa kuyapima. Saumu ina maana kwa mtu aliye na chakula akakiacha. Mwaka 2025 Shirika la Mpango wa Chakula Duniani, kwa kukosa fedha, lilipunguza mgawo wa wakimbizi nchini Kenya hadi asilimia 28 ya kiwango kamili. Mtu aliyebakiwa na robo na ushei ya chakula chake ameacha nini anapofunga? Hakuna anayeweza kumnyima haki ya kufunga, kwani mara nyingine saumu ndiyo jambo pekee alilochagua mwenyewe katika siku nzima, na heshima hiyo ni kubwa. Lakini mhubiri anayemwambia mama anayenyonyesha, au mgonjwa wa kifua kikuu, kwamba uponyaji wake unasubiri siku saba za kufunga, anamtwisha mzigo ambao mapokeo ya Kanisa lenyewe hayakumtwisha. Makanisa ya kale yaliwasamehe saumu wagonjwa, wajawazito na watoto. Na Waswahili, kabla ya mhubiri yeyote kufika, walikwisha kusema kuwa mgonjwa haulizwi uji.

Kuhusu maji, Mkristo ana la kujifunza kwa jirani. Mwislamu hutawadha kabla ya sala. Hunawa mikono, husukutua, huosha uso na miguu, na pasipo maji hutayamamu kwa mchanga safi. Bila shaka udhu ni ibada, haukuwekwa kuwa kinga ya kipindupindu, na bila sabuni hautoshi kuwa kinga hiyo. Hata hivyo, umeweka maji mlangoni mwa sala kwa namna ambayo asiye na maji hawezi kuomba pasipo kukumbuka kwamba hana. Mkristo anaweza kuingia kanisani, akainua mikono, akatoka, na siku nzima isimjie fikira kama mikono hiyo ilikuwa safi. Ndoo yenye bomba na kipande cha sabuni mlangoni mwa kanisa ingekuwa mwanzo mzuri, na isingepingana na mafundisho ya dhehebu lolote.

Hata hivyo, ushahidi mzito kuliko wote haukutoka kambini. Ulitoka Wajir, kaskazini zaidi katika uliokuwa Mkoa wa Kaskazini Mashariki, miaka mingi kabla ya Dagahaley kuwapo. Annalena Tonelli, mwanamke Mkatoliki kutoka Italia ambaye hakuwa mtawa, alihamia huko mwaka 1970 baada ya kufundisha shule katika nyanda za juu. Aliwakuta wafugaji Wasomali wakifa kwa kifua kikuu. Tiba ya siku hizo ilikuwa ndefu, ikipita mwaka mmoja, na mfugaji akipata nafuu kidogo huwafuata ngamia wake, akiacha dawa nusu na kueneza ugonjwa. Mwaka 1976 Tonelli alianzisha manyatta ya wagonjwa. Hawakulazwa wodini, walijenga vibanda vyao katika uwanja mmoja, wakaishi humo kwa muda wa miezi sita ya tiba fupi, kila siku wakimeza dawa mbele ya mhudumu. Kilichoonekana kuwa hila ndogo ya kuwafunga miguu wahamaji kilikuwa mfano wa awali wa utaratibu wa tiba chini ya uangalizi, ambao Shirika la Afya Duniani liliupendekeza kwa ulimwengu mzima katika miaka ya 1990.

Tonelli alikuwa mtu wa sala, na hakuficha. Lakini hakuhubiri ili kuwabadilisha Waislamu dini. Aliishi kwa umaskini kama wao. Baada ya mauaji ya Wagalla ya Februari 1984 aliwatafuta majeruhi na kuwahudumia, akapaza sauti, na baadaye akalazimika kuondoka Kenya. Aliendelea na kazi hiyo Somalia na hatimaye Borama, Somaliland. Mwaka 2003 alipewa Tuzo ya Nansen ya kuwahudumia wakimbizi, na tarehe 5 Oktoba mwaka huo huo akapigwa risasi katika hospitali aliyoianzisha. Anayetaka kujua sala ya uponyaji huonekanaje katika ardhi ya Kaskazini Mashariki hana haja ya kwenda mbali. Huko Wajir ilionekana kama kidonge kinachomezwa asubuhi mbele ya macho ya mwingine, kisha kesho yake, kisha siku mia moja na themanini.

Wapo watakaosema kwamba huku ni kuigeuza sala kuwa kazi ya ofisi ya afya. Hoja yao isipuuzwe. Kwa mtu aliyezaliwa kambini na kuzeekea humo, sala ndiyo inayompa usingizi, na kusanyiko la Jumapili ndilo linalomwondoa katika upweke ambao hauna kidonge. Wapo pia wanaosali kwa hofu. Makanisa mawili yalishambuliwa mjini Garissa tarehe 1 Julai 2012. Tarehe 2 Aprili 2015 watu 148 waliuawa katika Chuo Kikuu cha Garissa, na waliokusanyika kwa sala ya alfajiri walikuwa miongoni mwa wa kwanza kuvamiwa. Baada ya shambulio la mwaka 2012 viongozi wa Kiislamu walijitolea kuweka vijana wa kuyalinda makanisa. Maana yake ni kwamba hata uzima wa Mkristo anayesali ulikuwa mikononi mwa asiyesali naye. Hoja ya wapinzani, kwa hiyo, inarudi palepale: muumini ana mengi ya kuomba, ila hana la kuomba peke yake.

Wala viongozi wa dini si wote walioiona hivyo. Mwaka 2014 maaskofu Wakatoliki wa Kenya waliitilia shaka chanjo ya pepopunda, na mwaka 2015 wakawataka waumini wasusie kampeni ya polio. Ilikuwa miaka miwili tu tangu polio imlemaze mtoto mchanga katika eneo la Dadaab. Mtu anaweza kuitetea haki ya kuuliza maswali kuhusu dawa, na ni haki. Lakini agizo la kususia likitolewa Nairobi, anayelipa ni mtoto wa mahali penye vyoo vichache.

Katika ibada nyingi, baada ya sadaka, hutengwa dakika kadhaa za matangazo: arusi, michango, mkutano wa akina mama. Hapo ndipo Dagahaley, na kokote kunakofanana nako, siku ya chanjo inapofaa kutajwa, na bomba lililokauka, na kaya iliyopatwa na kuhara, na haja ya mtu wa kumsindikiza mgonjwa kumeza dawa siku ya Jumatano. Tangazo la namna hiyo halizidi dakika tatu, na laweza kusomwa kabla tu ya sala ya mwisho, waumini wakiwa bado wamesimama.