Ujira na Jua la Utosini



Ndugu wasomaji, wengi wetu tusafiripo kwa basi kutoka Mombasa kwenda Nairobi hupita Athi River na Mlolongo, katika Kaunti ya Machakos. Kaunti hiyo ina machimbo ya mawe, na katika mito yake mikavu vijana hupakia mchanga kwenye malori kwa sepetu. Wako pia wanaoponda kokoto kwa nyundo. Majengo ya Nairobi husimama kwa nguvu zao, nao hushinda juani pasipo kivuli.

Hali ya hewa nayo imewazidishia mashaka. Ukame ulioanza mwishoni mwa 2020 ulikausha mashamba ya Ukambani msimu baada ya msimu. Aprili 2024 mafuriko yakaingia majumbani Athi River. Mwaka huohuo Shirika la Kazi Duniani lilieleza kwamba wafanyakazi zaidi ya bilioni 2.4 hukabiliwa na joto la kupindukia kazini, na takriban 18,970 hufa kila mwaka kwa sababu hiyo.

Sheria ya Kenya haikunyamaza. Ibara ya 41 ya Katiba yampa kila mfanyakazi haki ya mazingira ya kazi yanayofaa. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 yamtaka mwajiri aweke maji safi ya kunywa, na yamkataza kumrudisha mtu penye hatari kubwa kabla ya kuiondoa. Lakini kibarua anayelipwa kwa kila lori alijazalo hana saa ya mapumziko iliyo na malipo. Akiketi kivulini, ujira wapungua, na chakula cha wanawe chapungua. Hivyo hujilazimisha mpaka aanguke, na hakuna aonekanaye kuwa amemdhulumu.

Mtume wetu (s.a.w.) alitufundisha kuichelewesha sala ya Adhuhuri, ndani ya wakati wake, joto linapokuwa kali. Ikiwa sala, iliyo nguzo ya dini, imepewa nafasi hiyo kwa kumhurumia mja, lori la mchanga lina udhuru gani wa kutongoja? Na katika Suratul Qasas, mzee wa Madyan alipomwajiri Nabii Musa (a.s.) alibainisha muda wa kazi, tena akasema hakutaka kumtaabisha.

Basi yeyote miongoni mwetu atakayejenga, awe bara au pwani, apatane mapema na fundi na vibarua: kazi ianze baada ya sala ya Alfajiri, isimame jua likiwa la utosini, maji yawepo, na saa ya mapumziko ihesabiwe katika ujira. Gharama itapanda kidogo, nasi tuikubali. Tumehimizwa kumlipa mwajiriwa kabla jasho lake halijakauka. Ni wajibu wetu pia kuhakikisha yu mzima wa kuupokea ujira huo.

Wabillahi tawfiq.